Watu Kumi na Mmoja wa Njiapanda

Fundi Spoku alikuwa na kimbelembele, na hilo nalisema mapema ili msije mkadhani nampamba. Kwa miaka thelathini aliziba pancha kwenye kibanda cha mabati pale njiapanda, katikati ya mji wa juu na mji wa bondeni, mbele kabisa ya kituo cha basi. Baiskeli za njia ile alizijua kama meno yake. Ukimpitia asubuhi angekuambia mnyororo umelegea, friwili inakwisha, na shati hilo ulilivaa jana. Watu walimpenda, naye alipenda kupendwa.

Mwaka juzi polisi walipita wakabeba baiskeli kumi na tisa zisizo na kengele wala taa. Mwezi uliofuata akaja binti mmoja mwenye kizibao cha manjano, akaweka kiti ng'ambo ya barabara, akafungua daftari. Kila aliyepita, alama. Mtu mwingine angevuka akamuulize anaandika nini. Fundi hakuuliza, maana yeye alijua. Alimwambia kila mteja awapashe wenzake wapite nyuma ya tanuri la matofali, na wale wa basi wakapandie kule ghalani, kwa kuwa binti ameletwa kuandika wavunja sheria. Siku tatu barabara ilikuwa nyeupe. Hata mkewe, Mama Pacha, alipotaka kwenda bondeni kununua vitambaa, alimrudisha ndani. Binti alipoomba maji ya kunywa, Fundi alimpa, akamsikia akilalamika kwamba amepangiwa barabara isiyo na watu. Jioni alilisimulia hilo kibandani, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Barabara mpya ilikuja mwaka huu, laini, yenye vyuma kandokando. Mabasi sasa hutoka mji mmoja hadi mwingine bila kusimama. Kituo cha njiapanda kiling'olewa pamoja na nguzo zake. Njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, iliyokuwamo kwenye ramani ya kwanza, haikujengwa. Na mwezi huohuo figo za Mama Pacha zikagoma. Daktari akaagiza asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, katika hospitali ya bondeni, kilomita kumi na mbili. Pacha wao walikuwa mbali, kila mmoja na nchi yake. Teksi ziliwakausha kwa wiki tatu. Ikabaki karia ya baiskeli.

Basi mwoneni mzee wa miaka sitini na mbili, mkewe kamkumbatia kiunoni, malori yanampitia kwa upana wa kiganja, na vile vyuma vinamnyima pa kukimbilia. Mama Pacha alifumba macho tangu njiapanda hadi lango la hospitali. Fundi hakuweza kufumba yake. Aliogopa kutwa nzima, hata siku ambazo hawaendi.

Ndipo akaenda ofisi ya barabara. Mpangaji wa njia, kijana mwenye adabu zake, alimkalisha na kumfungulia faili.

"Mzee wangu, sisi hujenga kwa hesabu," alisema. "Njiapanda tulihesabu siku tatu. Watu kumi na mmoja, baiskeli moja."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akasema yote, hakuficha hata nusu: kwamba ni yeye aliyewafukuza, na kwamba kwa siku moja hupita pale watu zaidi ya mia nne. Kijana aliweka kalamu chini.

"Nakuamini, mzee. Lakini siwezi kuandika watu ambao hawakuonekana."

Hesabu nyingine ilikuwa baada ya miaka minne, isipokuwa wapita njia wenyewe walete barua yenye majina na sahihi zao, mia mbili. Fundi alirudi na nguvu mpya. Wiki nzima alisimama njiapanda na karatasi, akamwahidi kengele ya bure kila atakayetia sahihi. Walimsikiliza, wakampa pole ya mgonjwa, wakatazama baiskeli zao. Muuza maziwa, mteja wake wa miaka yote, ndiye aliyemtolea la moyoni.

"Fundi, wewe ndiye uliyetufundisha tusiandikwe. Leo tujiandike wenyewe?"

Alieleza hadi sauti ikakauka. Alipata sahihi sita, na ya kwanza ilikuwa yake.

Ijumaa asubuhi, kwenye daraja, kioo cha lori kilimgonga Mama Pacha begani. Hakuanguka, ila aliomba ashushwe. Alikaa juu ya chuma cha kando, miguu imemvimba ndani ya ndara, akasema hapandi tena baiskeli ile, bora afie nyumbani. Hapo Fundi akamwambia. Tangu atoke ofisini alikuwa amemficha. Alimweleza habari za binti na daftari lake, na za ile faili ya ofisini, huku analia waziwazi kando ya barabara.

Mama Pacha aliyatazama malori mawili yakipita.

"Siku ile ya vitambaa nilikuwa nimeshavaa viatu," alisema. "Ningekuwa wa kumi na mbili, Baba Pacha."

Basi likatokea, viti vya nyuma vitupu. Fundi alilikimbilia, akapunga mikono yote miwili, akapiga kelele kwamba ana mgonjwa. Dereva alipiga honi akaongeza mwendo, kwa kuwa pale si kituo. Wakatembea. Kwa mkono mmoja Fundi alisukuma baiskeli, kwa mwingine alimshika mkewe, wakipumzika kila baada ya nguzo mbili, kilomita saba zilizobaki.

Walipofika hospitali, saa sita ilikuwa imeshapita. Kwenye kitanda cha Mama Pacha alilala mtu mwingine na mashine ilikuwa ikifanya kazi. Muuguzi aliwapa pole, akasema nafasi iliyopo ni kesho saa moja asubuhi, waende nyumbani warudi mapema.

Fundi aligeuka kumwambia mkewe. Mama Pacha alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo ukutani, akasema yeye njia ile hairudii. Fundi alikaa chini kando yake kuingoja asubuhi.