Setilaiti Isiyoitika Abee

Tulipomaliza arubaini ya Baba, niliona antena juu ya paa la jirani hapa Mtopanga, nikakumbuka ya Baba.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, Baba alikuwa amefunga yake: waya mbili zilizopishana, zisizozunguka. Mikono yake ilinuka risasi ya kuchomelea.

"Baba Mwanaisha, hata ya televisheni hugeuzwa!" Mama alimcheka.

"Hii yatosha. Setilaiti itapita yenyewe."

Ilipopita, Baba aliita kwa redio yake ya mawasiliano, ili setilaiti imrudishie sauti, akaita tena. Ukarudi mkwaruzo tu. Nilichukia. Mimi nikiitwa nisipoitika abee, nilifinywa.

"Haina adabu!" nikasema.

"Labda imeitika, mwanangu. Sisi ndio hatukusikia."

Sasa najua antena ile ilisikia vyema kinachopita utosini tu. Lakini jibu la Baba halikuniridhisha, wala leo haliniridhishi, kila nimwitapo.