Mtaa Wadhani Babangu Ndiye Yule Niliyemchora

Admin, jina langu lifiche, na la skuli pia. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mamangu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, kidato cha pili, twaishi Muyeye, Malindi. Si msemaji. Mwalimu akiniuliza kitu, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, huinamia dawati. Nisiyoweza kuyasema huyachora.

Babangu ni fundi cherehani, ashona kanzu na sare za skuli. Ni mpole hadi watu wamemzoea vibaya. Mteja aliyecheleweshewa kanzu ya Idi humfokea pale barazani mbele yetu, naye hujibu, "Haki yako, bwana," akainamia mashine yake. Nilikuwa nikiumia. Basi likizo iliyopita nikaanza kuchora kitabu cha katuni, hadithi ya fundi mwenye mguu mmoja mfupi kama wake. Mchana hutukanwa. Jua likizama huvaa barakoa ya kitambaa cha kanzu akawasaka wezi. Akimpata mmoja humpima kwanza kwa tepu, shingo, kifua, mikono, aandika vipimo kwa adabu, halafu ndipo humpiga. Aliyeiba viatu msikitini, fundi alimshona vidole. Damu ni nyingi. Kuna mwizi amwambia, "Fundi, usinibane sana kwapani." Nilicheka peke yangu nikichora.

Rafiki yangu Rehema aliazima daftari nililochoria, akapiga picha kurasa nne alizozipenda, akazituma kwa kundi la darasa. Siku hizo hizo mwizi wa paneli za sola alikuwa amekutwa amefungwa kwenye mkorosho, mkono umevunjwa, na aliyemfanyia hivyo hakujulikana. Picha zikafika kundi la mtaa bila jina la mchoraji. Watu wakaona mguu, wakaona cherehani, wakasema aliyechora ameona kwa macho yake.

Wakamwendea Baba. Akainamisha uso, akasema hana nguvu hizo, jamani. Lakini kwetu anayejigamba ndiye huitwa mwongo. Anayekana kwa upole huhesabiwa amekiri, na kadiri Baba alivyokana kistaarabu ndivyo walivyozidi kuamini.

Mwanzoni nilifurahi, sitawaficha. Vijana waliokuwa wakiigiza mwendo wake sasa wampa shikamoo kutoka mbali. Wateja wangoja kanzu wiki tatu kimya. Mama amwita "mume wangu" majirani wakisikia. Naye Baba akaacha kukana. Akiulizwa husema tu, "Yaacheni hayo." Juzi nilimwona akienda sokoni na tepu shingoni, na hakuna aliyekuwa akienda kumpima.

Jana walikuja vijana watatu, mbele yao Shee wa duka la simu. Mimi nilikuwa ndani natia vifungo. Wakamweleza habari za Mzee Karisa, mzee wa kutoka Ganze akaaye kwa bintiye nyuma yetu. Mtoto wa jirani ni mgonjwa, mzee ana mvi na macho mekundu, na kwao hilo latosha kumwita mchawi. Mzee huyu kila asubuhi huniuliza nimeamkaje. Macho yake yaliharibiwa na moshi, alichoma makaa tangu ujana.

"Hatutaki makelele," Shee akasema. "Wewe zungumza naye vile ulivyozungumza na yule wa mkorosho. Kesho baada ya alasiri. Sisi tutakusindikiza."

Nikamwomba Mungu amjalie Baba akatae. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mtakuja nyote watatu?" akauliza.

"Sote."

"Haya, basi."

Walipoondoka nilimpelekea chai. Alikuwa akitazama mikono yake. Akaniambia, "Mwanangu, mtu akishapewa heshima, huirudisha vipi?" Nikachukua kikombe kabla hajakimaliza.

Nimefikiri hadi kichwa chauma. Nikienda kwa chifu, watamshika Baba kwa sababu ya ule mkono wa mwizi uliovunjwa. Nikimwonya Mzee Karisa, miguu yake haifiki hata barabarani. Lililobaki ni kutoa daftari, Baba awaonyeshe kwamba yote ni mchezo wa bintiye. Lakini kurasa ambazo Rehema hakuzipiga picha ni zile za mchana. Humo fundi ni kichekesho. Mkewe amtupia sahani, ajificha chooni akilia, suruali imelowa. Chini yake nimeandika kwamba bintiye humwonea haya. Kuzichana siwezi, kwa kuwa mapigano yenyewe yako nyuma ya karatasi hizo hizo. Akiliona moja ataliona na jingine, na atajua ni nani mwingine aliyekuwa akimcheka muda wote huu.

Leo ndiyo hiyo kesho. Adhana ya alasiri imekwisha. Tangu nianze kuandika nimelikalia daftari, na sasa namsikia Baba avua viatu mlangoni. Shee na wenzake wako nje, wasema watamngoja.

Nimelitoa. Nimelifungua ukurasa wa kwanza, nimeliweka juu ya mashine yake, aliyoiingiza ndani leo, pale asipoweza kushona bila kulisogeza.

Nyinyi mlio wakubwa, mlio na watoto, niambieni upesi. Nitoke nimwachie asome peke yake, au nikae hapa hapa nimtazame usoni?