Nati za Mohamadi Ziko Masomoni

Jua la mtaa wa Buyenzi bado halijagusa mabati, na Mohamadi Feruzi tayari anapika. Amechuchumaa uani kwake, mikono ya shati imekunjwa, anakoroga sufuria kwa bisibisi. Ndani ya sufuria kuna maji, majivu, kipande cha sabuni na nati za gari.

"Zikiiva utatuita," anasema mkewe, Khadidja, aliyesimama mlangoni. Sufuria ni yake, na hakuombwa ruhusa.

Mohamadi anaendelea kukoroga. Zamani nati chafu ziliogeshwa kwa petroli. Lakini tangu nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo, mwaka 1996, petroli inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, na mwenye chupa hawezi kuimwagia nati.

Anaziopoa moja moja, anazifuta kwa kitambaa, anazipanga juu ya ubao. Ni ishirini, zote za ukubwa mmoja, zile ambazo mafundi wanaziita kumi na tatu kwa sababu hufunguliwa kwa spana yenye namba hiyo. Ndizo zote alizobakiza, na mpaka Jumatatu haziuzwi.

Jumatatu mtoto wa miaka saba, Joëlla, atasimama mbele ya mwalimu na kuombwa ahesabu mpaka ishirini. Akiweza, ataingia darasa la kwanza. Akishindwa, atakaa nyumbani mwaka mwingine. Ameshashindwa mara moja, wiki hii hii.

"Mutoto hana kosa," anasema Mohamadi. "Kosa ni la gereji."

Mohamadi ana miaka hamsini na saba, na mikono ambayo hata siku ya Idi haitakati. Kabla ya vikwazo gereji yake ilikuwa na magari sita uani. Leo pia yako sita, ila ni yale yale. Moja limeota majani kwenye boneti, na kuku wa Khadidja anataga ndani ya jingine. Mwezi uliokuwa ukimpa faranga elfu thelathini, sasa ukimpa elfu nane anamshukuru Mungu.

Kazi ya kutengeneza michezo ya watoto hakuitafuta. Siku moja, mwishoni mwa mwaka ule wa vikwazo, alimkuta mtoto wa jirani amekaa kwenye mtaro, anachimbua kitu cha chuma matopeni.

"Nilimwendea pole pole, kama mtu anayeiba kuku," anakumbuka. "Namwambia, baba, nipe hicho. Nilijua ni guruneti, kumbe ilikuwa koki ya bomba la maji. Mi nikakaa chini hapo hapo. Nikasema, leo ni koki. Kesho je?"

Akina mama walikuwa wameanza kuwafungia watoto ndani. Milio ya bunduki ilisikika karibu kila wiki, shule zilifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mvivu, na mtoto anayefungiwa siku nzima hutafuta mahali pa kutorokea.

"Nikajiambia, kama mutoto anapenda chuma, basi apewe chuma kinachojulikana."

Alichukua ubao wa kasha la mizigo, akaupiga randa, akautoboa matundu manane, akakaza bolti nane kuanzia ndogo hadi kubwa. Nati zake akazitia kwenye mfuko wa kitambaa. Mtoto anatakiwa kuitafutia kila bolti nati yake na kuizungusha mpaka chini. Ikikataa kuingia, si yake. Hakuna haja ya kumpigia mtu kelele. Chuma chenyewe kinamwambia.

Ule wa kwanza ulikaa kwa jirani siku tatu, na katika siku hizo tatu mtaro haukuona mtoto. Wa pili uliombwa, wa tatu uligombaniwa. Sasa mbao thelathini na kitu zinazunguka Buyenzi, na nyingine zimevuka mpaka mtaa jirani wa Nyakabiga ndani ya vikapu vya sokoni. Kila Ijumaa baada ya sala akina mama huja kubadilishana. Ubao wa wiki moja ni faranga mia, au kikombe cha maharage. Asiye na kimojawapo hutoa asante.

"Na asante haichemki," anasema Khadidja, ambaye ndiye huwaambia wasiojiweza wachukue tu.

Sharti ni moja: nati zote zirudi. Ikipotea moja, nyumba nzima hupiga magoti kuitafuta. Kuna familia iliyomfunga mbuzi wake siku mbili ikimchunguza kwa nyuma, halafu nati ikaonekana kwenye kiatu cha baba mkwe.

Kosa lenyewe lilianza kwa wema. Mohamadi hakutaka watoto waseme "hii" na "ile". Akawafundisha majina. Hii ni nane. Hii ni kumi. Hii, kumi na tatu. Ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa, na gereji zote za Buyenzi zinaelewana hivyo. Watoto wakashika haraka kuliko alivyotegemea.

Joëlla alishika kuliko wote. Yeye na mama yake, Spéciose, walikuwa wakilima mpunga Buterere. Mwaka jana walikimbia mapigano na mkeka mmoja, na sasa wamepanga chumba nyuma ya gereji. Katika nyumba yao ndio wawili waliobaki. Spéciose anafua nguo za watu, na mtoto hushinda kwa Khadidja na ubao mapajani. Ukimfumba macho na kumtia nati mkononi, anakutajia namba yake.

Kwa hiyo mwisho wa Agosti, Spéciose alipompeleka kuandikishwa shule, alikwenda amevaa kitenge chake kizuri na hofu hana.

"Madamu akamwambia, hesabu mpaka ishirini, Kirundi ao Kiswahili, yote ni sawa," anasimulia. "Nikajua tumepita. Mutoto akasimama vizuri, mikono nyuma. Akasema: nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na mbili. Akanyamaza. Akaniangalia, anacheka."

Mwalimu alimuuliza moja iko wapi.

"Akajibu, 'Moja haiko, Madamu. Inaanziaka nane.'"

Mwalimu huyo, Caritas, ana madawati ya watoto hamsini, na walioletwa ni mia na zaidi, wengi wao wamekimbia makwao kama Joëlla. Hapendi kuwarudisha. Anauliza swali moja, na asiyeweza anaambiwa mwaka ujao. Lakini mwaka ujao Joëlla atakuwa na miaka minane, nyuma ya foleni ya wadogo wapya. Spéciose alilijua hilo, akakataa kuondoka mlangoni. Mwisho Madamu Caritas akasema basi, arudi Jumatatu ya wiki inayofuata, na iwe mara ya mwisho.

Habari ilipofika gereji, Mohamadi alivaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akatembea mpaka nyumbani kwa mwalimu, Nyakabiga.

"Alifika akaanza kuniomba msamaha kabla sijajua ni nani," anasema Caritas. "Akaniambia spana haina moja wala mbili. Nikamwambia, Mzee, huyu ni mtoto wa nne kuanzia nane. Wa kwanza nilidhani ana homa."

Hakumgombeza. Alimwambia jambo moja tu: mtoto huyu anajua majina ya namba, hajui namba. Mohamadi alilibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Ndiyo sababu ya sufuria ya asubuhi hii. Ubao mpya una bolti ishirini zinazofanana, katika mistari miwili, na nati ishirini zinazofanana, ili isiwepo hata moja ya kuitwa kwa jina lake. Kwenye makopo yake yote, nati zilizofika ishirini za aina moja zilikuwa hizi za namba kumi na tatu. Na hizi ndizo zinazotafutwa na nusu ya madereva wa mji.

Mmoja wao anasikika kabla hajaonekana. Pejo ya Murhula, dereva wa teksi mzaliwa wa Bukavu, imefungwa bomba la moshi kwa waya, na inanguruma tangu ikiwa Nyakabiga.

"Mzee, nasikia uko na kumi na tatu," anasema kupitia dirishani. "Nipatie ine tu."

"Ziko masomoni."

"Ziko wapi?"

"Masomoni. Rudi Jumanne."

Murhula anazima injini ili asikie vizuri. "Mi niko na waya kwenye bomba, abiria wanaziba masikio, na we unaniambia nati ziko shule?"

"Ndivyo."

"Nitakulipa mara mbili."

"Mulipe mara tatu," Khadidja anaitikia kutoka ndani. "Sufuria yangu nayo imekufa."

Mara mbili ni faranga elfu mbili, na nyumbani unga umebaki wa siku moja. Mohamadi anaziangalia zile nati. Halafu anachukua ya kwanza, anaijaribu kwenye bolti yake, anachukua ya pili.

Murhula anamgeukia Joëlla, aliyekaa juu ya tairi. "Mwanafunzi ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Basi soma mbio, mama. Mji mzima unaziba masikio kwa ajili yako."

Joëlla anaficha uso kwenye magoti.

Siku ya kwanza ya ubao mpya ilikuwa ya aibu. Mohamadi alimpa mtoto nati moja, akauliza, hii? Kumi na tatu. Akampa ya pili. Kumi na tatu. Akaenda hivyo mpaka ya ishirini, na Joëlla alisema kumi na tatu mara ishirini, bila kosa hata moja. Mohamadi alitoka nje akasimama karibu na kuku.

Khadidja ndiye aliyeona. "We unamuuliza inaitwaje," alimwambia. "Muulize ziko ngapi."

Akamwita mtoto jikoni, akampa vitumbua awagawie watu wa nyumbani: kimoja cha Mama, kimoja cha Mzee, kimoja cha Bibi. Kilipobaki kimoja, akamuuliza vimetoka vingapi. Joëlla alikunja kidole kwa kila mmoja. "Vitatu," akasema. Akapewa kile kilichobaki ale. Wakarudi kwenye ubao.

Jumamosi Mohamadi alikuwa chini ya gari, akanyoosha mkono kama kawaida yake. "Joëlla, niletee kumi na tatu."

Zikasikika spana zikigongana sandukuni. Kisha mtoto akachungulia chini ya gari.

"Mzee, spana ziko tisa tu. Kumi na tatu hazifiki."

Mohamadi anasema alibaki amelala pale, mafuta yanamdondokea shingoni, na hakuona sababu ya kutoka.

Jumatatu walikwenda watatu. Spéciose na mtoto waliingia. Mohamadi alibaki dirishani, kofia mkononi, akijifanya anaangalia bawaba.

Joëlla alianza moja. Alihesabu kwa Kiswahili, taratibu, na kwa kila namba vidole vyake vilizunguka hewani, vikikaza nati isiyokuwepo. Kwenye kumi na tatu alisita. Kisha kumi na nne. Kumi na tano, ambayo haimo kwenye ubao wowote wa zamani. Ishirini.

Hakuishia hapo. Ishirini na moja, ishirini na mbili. Alipofika thelathini na nane mwalimu akainua mkono.

"Inatosha. Nani alikufundisha kupita ishirini?"

"Hakuna mutu."

"Sasa ulijuaje?"

"Usiku bunduki zikilia kule milimani, Mama anasema tulale chini. Nikilala chini, nazihesabu."

Madamu Caritas aliweka kalamu mezani. "Ulifika ngapi?"

"Sitini na moja. Halafu nikapata usingizi."

Mwalimu aliichukua tena kalamu, akaandika jina la Joëlla. Akamwambia Spéciose amlete kesho asubuhi, na kama hana daftari, aje hivyo hivyo.

Mohamadi alipofika gereji alichukua mlango wa kabati la zamani, akaulaza juu ya mapipa mawili, akaanza kuupigia alama kwa mkaa. Mistari kumi, matundu kumi kila mstari.

"Nataka ubao wa mia," alimwambia mkewe. "Mutoto akitaka kuhesabu, ahesabu hizi. Aachane na zile za milimani."

"Mia ya nati za kumi na tatu haiko Buyenzi nzima."

"Iko. Iko kwenye magari ya watu."

Huo ndio mpango wake sasa. Ataenda kwa kila mwenye gari lililosimama, aombe nati moja, moja tu, mahali ambapo gari lisilotembea halitaona pengo. Kila ubao mpya, amekubali, utapitia kwanza mikononi mwa Madamu Caritas kabla ya kwenda kwa watoto. Wa kwanza kuombwa, ingawa gari lake linatembea, alikuwa Murhula, aliyekuja Jumanne kuchukua nne zake. Aliondoka na tatu.

Khadidja ana swali, na amemuuliza mumewe mbele ya wateja. Mafuta yakirudi, na wenye magari wakija kudai vitu vyao, itakuwaje?

"Siku hiyo watoto watakuwa nje wanakimbizana," anajibu Mohamadi, na kuupuliza unga wa mkaa. "Nitaufungua ubao, kila gari ipewe nati yake."