Simu Jikoni, Sauti Sebuleni

Chekeni tu, nimewaruhusu, maana mimi mwenyewe nimeshachoka kuona aibu. Ndiyo, ni mimi yule mtu wa Garissa aliyemsengenya mjomba wake kwenye televisheni, mjomba mwenyewe akiwa amekaa mbele yake. (Mkiisikia sokoni jueni wameongeza chumvi, lakini si nyingi.)

Abti Nuur ni kaka yake mama, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alikuja kutoka Takaba na mkoba mmoja, akasema amekuja kutusalimia. Sasa nyinyi mnajua mambo ya kwetu, mgeni haulizwi amefuata nini wala ataondoka lini, unamuuliza habari za mvua na mifugo, unamchinjia mbuzi, kisha unangoja aseme mwenyewe. Nikangoja. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katikati hapo mke wangu Habiba akaenda Wajir kwa dada yake aliyejifungua, akaniachia nyumba, watoto watatu na mgeni, asubuhi niko ofisini, jioni niko jikoni, usingizi nausikia kwa jina tu. Na kila asubuhi Abti ananikuta mlangoni, ananiuliza, "Abti, leo una nafasi?" (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), nami huku navaa viatu najibu, "Leo kazi ni nyingi, Abti," nikidhani anatafuta mtu wa kupiga naye soga.

Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri wakaja majirani wawili kukaa naye. Mmoja alikuwa Maalim Dahir, mwalimu mstaafu ambaye husoma kwa sauti kila kilicho mbele yake, hata pakiti ya majani ya chai. Binamu yangu alikuwa amenitumia video ya ngamia wa Abti wakinywa maji kisimani, nikampa Abti simu, akaisogeza hadi puani, akaipeleka mbali, akanirudishia. "Simu yako ni ndogo," akasema.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuaji. Nilikuwa na kile kidude kinachochomekwa nyuma ya televisheni, basi nikaiunganisha simu nacho, na kila kilichokuwa kwenye simu kikatokea pale kwenye TV, kikubwa, na sauti yake. Wallahi wazee walifurahi! Abti alikaa karibu kabisa na TV, akawataja ngamia wake mmoja mmoja kwa kuwasikia wakilia, nami nikajiona mwana mwema. Video ilipokwisha nikasema naleta chai, nikaondoka na simu mkononi. Kuitenganisha na TV? Hata haikunijia akilini.

Jikoni nikakuta Habiba amenitumia ujumbe wa sauti. Nikabonyeza, kimya. Nikaweka sikioni, kimya. Nikasema basi na simu nayo imekufa, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikarudia mara ya pili na ya tatu. Kwa mbali nilisikia mwanamke anaongea sebuleni, nikadhani wazee wamefungulia taarifa ya habari. (Mtu aliyechoka huamini chochote.) Nikamwandikia Habiba kwamba simsikii, naye akaandika, "Nauliza mjomba wako bado yupo? Muulize anarudi lini, au unamwogopa?"

Nikajibu, "Yupo. Anakula, analala, anauliza kama nina nafasi. Nimechoka naye." Nikaona ni maneno makali, nikafuta hilo la mwisho, nikaandika "nimechoka sana", kisha nikawaza, ah, huyu ni mke wangu, kwa nini nimfiche, nikarudisha lile la kwanza. Nikatuma, nikabeba sinia.

Mlangoni nikamsikia Maalim Dahir akisoma taratibu, kama yuko darasani. "Nimechoka naye. Amefuta. Nimechoka sana. Amefuta tena. Amerudisha lile 'naye'."

Abti alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Na sasa?" akauliza.

"Sasa ametuma," akasema Maalim, kisha akageuka, akaniona.

Sinia halikuanguka, na afadhali lingeanguka, ningepata kazi ya kuokota vikombe. Majirani wakakumbuka ghafla kwamba wanatakiwa nyumbani. Chai yao ilibaki hapo ikipoa.

"Keti, abti," akasema mjomba, bila hasira yoyote. "Mkeo ameshauliza, basi nikujibu. Nilikuja kwa ajili ya macho. La kulia limezima, na la kushoto linafuata. Kiswahili changu ni cha mnada wa mifugo, siwezi kumweleza daktari, kwa hiyo nilikuwa nangoja siku yako ya nafasi."

"Abti, kwa nini hukusema?"

"Nilikuona umechoka."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikampeleka. Daktari alimmulika, akauliza mzee yuko Garissa tangu lini na mbona tumechelewa hivi. Nilifungua mdomo, Abti akaniwahi kwa kile Kiswahili chake: "Bole, daktari. Hii kijana iko na kazi mingi. Makosa ni yangu, mimi nanyamaza." Nilitamani anitukane, wallahi, mbele ya foleni nzima.

Jicho la kushoto linatiwa dawa kila siku na bado linaona. La kulia daktari alisema halitarudi. Siku hizi mgeni wangu akimaliza siku tatu namuuliza waziwazi, nikusaidie nini, na wazee wakisema sina adabu, sawa, nimekubali. Lakini kama zile wiki tatu za mlangoni ndizo zilizoliua lile jicho, sijamuuliza daktari mpaka leo, na sidhani kama nitawahi kumuuliza.