Aliyeketi na Mulei

Mulei aliumwa na mbwa mwezi wa Agosti, mwaka wa 1977. Mbwa huyo alitoka upande wa pori mchana kweupe, mkia umebanwa katikati ya miguu, mate yanamning'inia, wala hakubweka. Mulei alipojaribu kumfukuza asiingie kati ya mbuzi, mbwa alimng'ata mkono wa kushoto, mara moja tu, kisha akaendelea na safari yake kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Mulei alikiosha kidonda kwa maji ya mtungi, akakifunga kitambaa. Wiki mbili baadaye kilikuwa kimepona, na hapa Makwasinyi hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Mulei alikuwa Mkamba. Alikuwa amehamia chini ya mlima Kasigau na mkewe Nduku kutafuta ardhi, wakapata shamba lililopakana na la mjane mmoja wa hapo hapo, Mkamburi. Sisi tulimwita Mama Elsie, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa na watoto watatu na mama mkwe mzee, Beth, na wote walikula kutokana na jembe lake. Kanisani ndiye aliyefagia, na ndiye aliyetumwa kuwaangalia wagonjwa. Lakini msidhani alikuwa jasiri. Aliogopa nyoka, aliogopa radi, na tangu mumewe Philemon auawe na ndovu, aliogopa hata kusikia tawi likivunjika.

Philemon alikuwa ameenda kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Walimpata siku ya pili. Wanaume walijaribu kumficha mkewe habari nyingine, lakini aliziona mwenyewe ardhini: Philemon hakufa papo hapo. Alikuwa amejiburuta hatua nyingi hadi kwenye kivuli cha kichaka, akakaa hapo peke yake, sijui kwa muda gani. Mkamburi aliweza kuvumilia kwamba mumewe amekufa. Hilo la kukaa peke yake hakuweza kulivumilia.

Mwezi wa Oktoba Mulei akaanza kulalamika kwamba ule mkono uliopona unamwasha kwa ndani. Siku ya tatu Nduku alimpelekea uji, naye alipousogeza mdomoni, shingo ilikakamaa, macho yakamtoka, akakitupa kikombe ukutani. Alijaribu maji, ikawa vile vile. Hatimaye hata sauti ya maji yakimiminwa kwenye sufuria ilimfanya apige kelele.

Waliitwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa Nehemiah, dresa wa zahanati ya ng'ambo ya mlima, aliyekuja kwa baiskeli. Alisimama mlangoni, akamtazama Mulei kwa muda mrefu, akatoka nje.

"Ni kichaa cha mbwa," alisema. "Angekuja siku ile ile alipoumwa, kuna sindano. Akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa. Si hapa, si Voi, si Nairobi. Na mate yake yasimguse mtu penye kidonda."

Maneno hayo yaliwatawanya watu kuliko moto. Mulei mwenyewe aliyasikia. Alikuwa na akili zake timamu, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya zaidi: ugonjwa ulimkamata, ukamwachilia, na ulipomwachilia alielewa kila kitu.

"Nifungieni kwenye ghala," akawaambia wanaume. "Mchukueni Nduku na watoto. Ana mimba ya miezi minane. Msimwache anikaribie."

Wakamfungia. Ghala lilikuwa tupu kwa sababu ya ukame. Wakaweka gogo nje ya mlango, wakampeleka Nduku akilia nyumbani kwa Katuku, dada yake. Mtu wa pili aliyeitwa alikuwa katekista wetu, Mzee Obadiah. Aliomba sala ndefu akiwa amesimama hatua kumi kutoka mlangoni. Hakuna aliyemlaumu, maana sisi wengine tulikuwa nyuma yake.

Mkamburi alikuwa shambani akilitayarisha kwa mvua, na kutoka pale alisikia kila kitu. Alisikia Mulei akipiga kelele, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuita majina. Aliita la mkewe na ya watoto wake, na baadaye ya watu wowote aliowakumbuka, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi. Alipofika kwa "Mama Elsie," Mkamburi aliweka jembe chini.

Alienda kwanza kwa mama mkwe wake.

"Mama, nataka kwenda kukaa na Mulei."

Beth alimtazama. "Una watoto watatu."

"Najua."

"Unajua, na bado unaniuliza?"

"Sikuulizi, mama. Nakuambia ili unikataze. Ukinikataza, sitaenda."

Philemon alikuwa mwana wa pekee wa Beth. Mama huyo alivua shuka lake zito la mabegani, akampa. "Ukifika, litundike mlangoni. Wanasema upepo unawatesa wenye ugonjwa huo."

Mkamburi alitembea zile hatua kutoka mpakani hadi ghalani akiwa anatetemeka mpaka meno yakagongana. Sala yake ilikuwa moja, na alituambia baadaye bila aibu: "Bwana, naogopa. Naogopa. Naogopa." Hakupata neno jingine. Akaondoa gogo.

Mulei alikuwa amejikunja pembeni, midomo imepasuka, povu kifuani. Alipoona mwanga alijifunika uso.

"Ni nani?"

"Ni mimi, jirani. Mama Elsie."

"Toka. Umewaacha watoto na nani?"

"Wako na nyanya yao. Nimekuja kukaa kidogo."

Alitundika shuka mlangoni, upepo ukakatika. Akaketi mbali kidogo, mgongo ukutani. Baada ya muda Mulei alisema, "Sikiliza. Ikianza, naisikia hapa kooni kwanza. Nitakuambia. Nikikuambia, rudi nyuma, usinishike."

Ndivyo walivyoishi siku tatu. Mkamburi alikuja asubuhi, akaondoka jua likitua, akakoga kwa sabuni kabla ya kuwagusa watoto. Mulei alisema "sasa," naye akarudi nyuma na kufumba macho, kwa kuwa alishindwa kutazama. Ikipita, alimfuta uso kwa kitambaa alichokifunga kwenye kijiti, akamsimulia habari za shamba. Aliwahi kumwimbia, lakini kuimba kulimchosha Mulei, basi wakaongea tu. Mulei aliuliza kama mvua imeonekana upande wa Maungu. Alimtuma amwambie Nduku asiuze mbuzi mwekundu.

Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, Mulei hakupata nafasi ya kusema "sasa." Alikuwa ameinuliwa nusu ili apumue, na mshtuko ulimkamata mikononi mwa Mkamburi. Alitupa kichwa, mate yakamrukia Mkamburi mkono wote wa kulia, na katika kiganja hicho alikuwa na lengelenge la jembe lililopasuka, jekundu, bichi. Aliliona likilowa. Alisema kwamba wakati huo moyo wake haukupiga mbio. Ulisimama.

Angeweza kumwachilia na kukimbilia maji. Alimlaza kwanza, polepole. Mulei alivuta pumzi mara mbili tatu, zilizoachana sana, kisha nyingine haikuja.

Mkamburi alitoka nje akiwa ameuinua mkono mbali na mwili wake kama kitu cha mtu mwingine. Nehemiah, aliyekuwa amekuja tena kwa baiskeli siku hiyo, alimwosha yeye mwenyewe kwa sabuni na maji mengi, akasugua mpaka damu ikatoka.

"Utaenda Voi leo hii," alisema. "Sindano kumi na nne, moja kila siku, tumboni. Usiruke hata moja."

Alipanda lori la mkaa hadi Maungu, na kutoka hapo akapata lori jingine. Mjini alifikia kwa binamu yake Jedidah, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli. Jedidah alimkumbatia. Mumewe alisalimia akiwa mbali, na jioni hiyo kikombe na sahani ya Mkamburi vilitengwa, na mkeka wake ukatandikwa jikoni.

"Usimchukie," Jedidah alimwambia. "Tuna mtoto mchanga."

"Simchukii. Hata mimi najiogopa."

Sindano zilikuwa nene na dawa ilichoma. Tumbo lilivimba likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Lakini maumivu hayakuwa kitu. Kilichomla ni alfajiri. Kila alfajiri, kabla hajafungua macho vizuri, alinyoosha mkono akachukua kikombe cha maji alichokiweka kando ya mkeka, akakisogeza mdomoni taratibu, huku akiisikiliza shingo yake. Alimeza. Kisha alilia kidogo, akaamka kwenda kupigwa sindano.

Siku ya kumi mhudumu alimwambia arudi nyumbani: dawa imekwisha. Nyingine ilikuwa inatoka Mombasa kwa treni, na mvua za vuli, zilizokuja kwa hasira mwaka huo, zilikuwa zimeibomoa njia ya reli mahali fulani.

"Mpaka lini?" aliuliza Mkamburi.

"Treni ikipita, mama. Tuombe Mungu."

Zilipita siku mbili bila sindano. Alikaa stesheni kutwa nzima siku zote mbili, kwenye benchi, akitazama reli inapopotelea mashariki. Wakati fulani upepo baridi wa mvua ulimpiga usoni, koo likambana, akajua kwamba mwisho umefika. Alishika benchi akisubiri shingo ikakamae. Haikukakamaa. Ilikuwa ni hofu tu, lakini hofu hiyo nayo ilikuwa na meno. Aliniambia kwamba pale kwenye benchi ndipo alipoacha kumwomba Mungu apone. Aliomba tu, "Nikianza, awepo mtu." Siku ya tatu treni ilifika, na zile sindano tano zilizobaki akazimaliza.

Alirudi Makwasinyi mwezi wa Novemba, mlima umegeuka kijani. Nehemiah alikuwa amemweleza ukweli: sindano zilikatizwa, kwa hiyo yeye hawezi kuapa kwamba zimemkinga. Ugonjwa huo unaweza kungoja miezi, hata mwaka. Watu walijua. Kisimani wanawake walimpisha achote kwanza, wakitabasamu sana, halafu wakasuuza kata. Elsie alirudi kutoka shule akilia kwa sababu hakuna aliyetaka kuketi naye. Mkamburi mwenyewe hakumbusu mtoto wake hata mmoja. Alimwambia Beth, "Siku utakaponiona nakataa maji, nifungie. Kisha wapeleke watoto kwa Jedidah." Beth aliitikia, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Mchungaji alikuja kutoka mbali mara nne tu kwa mwaka kutushirikisha meza ya Bwana. Alikuja Jumapili moja kabla ya Krismasi. Tulikuwa na kikombe kimoja, na sote tulilifikiria jambo lile lile, ingawa hakuna aliyelitamka. Mkamburi alilifikiria kabla yetu. Watu walipojipanga, alibaki kwenye kiti chake cha nyuma, macho chini.

Mstari ulipokwisha, Nduku alisimama. Alikuwa na mtoto mgongoni, wa wiki tano, aliyezaliwa bila baba. Alikuwa ameshashiriki. Alirudi mpaka nyuma, akamshika Mkamburi mkono wa kulia, kiganja kwa kiganja, mbele ya watu wote.

"Twende, Mama Elsie," alisema. "Nitakusindikiza."

"Nitanywaje, Nduku? Watu wataogopa."

"Utakuwa wa mwisho. Twende."

Mkamburi alipiga magoti. Mchungaji alikuwa amesimuliwa habari zote na Mzee Obadiah usiku wa jana yake. Alimpa mkate, akaleta kikombe. Divai ilipomgusa midomo, Mkamburi alikakamaa, na kanisa zima likaacha kupumua. Tuliiona shingo yake. Kisha ikasogea, akameza.

Utaratibu wetu ni kwamba divai inayobaki hunywewa na mchungaji, haimwagwi. Nilikuwa karibu, niliona. Mchungaji alikitazama kikombe kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu mno, akakigeuza, akanywa yote mahali pale pale alipokunywa Mkamburi. Mzee Obadiah alijifunika uso akaanza kulia kwa sauti, mzee mzima.

Sitasema kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyeogopa. Wengine waliendelea kusuuza kata. Lakini wengine walianza kuingia kwake, na Mzee Obadiah alienda mwenyewe kumwomba msamaha kwa zile hatua kumi.

Mwaka ulipita, ukapita wa pili. Mkamburi hakuugua. Katika miaka iliyofuata aliitwa kwa kila nyumba yenye mtu anayekufa, Mkristo au Mwislamu, na Nduku aliandamana naye mara nyingi. Mwaka wa 1984 mwanamke mmoja aliugua kifua kilichokuwa kikimtoa damu, na wanawe walikuwa wamemhamishia kwenye kibanda cha nje. Nilikuwa kwa Mkamburi ujumbe ulipomfikia. Alijifunga leso, akaomba nimpishe apite.

"Bado unaogopa, mama?" nilimuuliza.

"Sana," alisema. "Nipe hiyo sabuni."