Ukuta Kati ya Unga na Vitenge

Loisi alikuwa mtu wa kaunta. Ujana wake wote aliumalizia katika duka la serikali mjini Dodoma, miaka ile ya shida, akiwa nyuma ya meza ndefu ya mbao, akiwaambia watu kwa upole kwamba sabuni haijafika na sukari huenda ikaja wiki ijayo. Duka lilipofungwa, hakurudi kijijini kulima mtama kama ndugu zake walivyotarajia. Wakati wa ruksa, biashara huria, ulikuwa umeshaingia, na bidhaa zilimiminika kama maji ya korongo siku ya mvua. Mumewe, Bartolomayo, fundi mwashi, akajenga vyumba viwili vya biashara mtaa wa Chang'ombe, hapo hapo Dodoma. Kimoja kikawa cha Loisi, na kitu cha kwanza alichokiomba, kabla hata mlango haujatiwa, kilikuwa kaunta.

Akauza unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa na dagaa wa Mwanza. Akiegemeza viwiko kwenye ile kaunta alijisikia yuko kwake. Mteja anaomba, yeye anapima, na katikati ya kupima wanaulizana habari za wagonjwa na za mvua.

Chumba cha pili alipanga Mwajabu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye sauti iliyosikika mpaka barabarani. Yeye aliuza vitenge, viatu, masufuria, ndoo na magodoro. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kuchukua mzigo, na kabla hata hajafungua marobota akaja kusimama mbele ya Loisi.

"Mama Abeli, nimeona duka huko! Mtu anaingia mikono mitupu, anatoka na mkate, shati na beseni. Unga uko hapa, nguo ziko pale, vyote chini ya paa moja. Sisi tunashindwa nini? Tubomoe ukuta huu."

"Ili vitenge vyako vinuke dagaa wangu?"

"Hilo tutalijua mbele ya safari."

"Mimi nimeshalijua hapa hapa, shoga yangu. Ukuta ubaki."

Mwajabu akacheka, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kununa.

Ukuta ungebaki kweli, kama si mvua ya Januari na mzee mmoja wa Mvumi aliyeitwa Mazengo. Alikuja na binti yake, Erica, aliyekuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni Singida. Basi lilikuwa linaondoka asubuhi ile ile, na mtoto hakuwa na kitu zaidi ya nguo alizovaa.

"Mbukwa, mama," Mazengo alimsalimu Loisi kwa Kigogo, maji yakimchuruzika kwenye kofia. Akanunua sabuni na sukari. Akapita mvuani, akaingia kwa Mwajabu kuchukua godoro na ndoo. Akakumbuka dawa ya meno, akarudi kwa Loisi. Akakumbuka viatu, akatoka tena. Erica alibaki barazani akilinda godoro, lakini upepo uligeuka, na mvua ikalipiga ubavu mzima. Binti akaanza kulia kimya kimya, akilifuta godoro kwa kiganja.

Mwajabu aliliona hilo. Alilivuta ndani lile lililolowa, akampa jipya, akalizungushia nailoni. Mazengo akaingia kwa Loisi mara ya mwisho, safari hii kwa ajili ya kiberiti, akaegemea ukuta akihema.

"Mama," alisema, "huyu jirani yako mmegombana?"

"Hapana, baba. Tunaelewana sana."

"Basi mimi sielewi," akasema mzee. Akachukua kiberiti chake, akamshika binti mkono, wakakimbilia stendi.

Maneno yale yalimkaa Loisi moyoni. Jioni, walipokuwa wakila ugali na mlenda, alimuuliza mumewe, "Baba Abeli, ule ukuta wa kati uliujenga kwa saruji au kwa udongo?"

"Kwa udongo. Saruji wakati ule ungeipata wapi?"

"Basi hautakuchosha."

Bartolomayo aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, akaona hatanii.

Ukuta ukaenda, na vumbi lake likatanda juu ya kila kitu. Kaunta nayo ikapunguzwa ikawa kimeza kidogo cha malipo pale mlangoni, kwa sababu Mwajabu alisema duka la namna hii watu hujichagulia wenyewe. Loisi alikubali kwa shingo upande. Siku za mwanzo hakujua mikono yake aiweke wapi. Alisimama pale pale kaunta ilipokuwa, na wateja nao walisimama mlangoni wakipiga hodi, wakisubiri kuhudumiwa. Hakuna aliyethubutu kugusa kitu.

Bibi mmoja wa Miyuji ndiye aliyefungua njia. Alikaribishwa, akaingia, akamshika Loisi mkono kama mtu anayevushwa barabara, na hakuuachia. Wakazunguka pamoja. Bibi aligonga masufuria kwa ukucha asikie mlio, akanusa sabuni moja moja, akajifunika kitenge na kumuuliza Loisi kama kinampendeza. Loisi, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiwaona wateja kuanzia kifuani kwenda juu, alijikuta anacheka, anamfunga bibi wa watu kitenge kiunoni. Bibi aliondoka na sufuria na kipande cha sabuni tu, lakini kesho yake alileta majirani zake.

Ndipo dagaa wakafanya mambo yao. Edina, mpiga chapa wa wizarani, alirudisha kitenge alichonunua.

"Dada Mwajabu, nimekivaa ofisini, bosi ananiuliza nani kaleta samaki."

Mwajabu alimbadilishia. Lakini Edina alipotoka tu, alimgeukia Loisi. "Wale dagaa wako watatufukuzia watu."

"Nilikuambia tangu mwanzo! Ukasema tutajua mbele ya safari."

"Basi ndiyo tumefika!"

Walinyamaziana. Loisi akikaa upande wa unga, Mwajabu upande wa viatu, na mteja akiuliza jambo la upande wa pili, kila mmoja anamwelekeza kwa kidole. Bartolomayo, aliyekuwa akipiga lipu, aliwaangalia akasema, "Kama ni hivi niambieni, matofali bado yapo nje."

Asubuhi iliyofuata Loisi alifika mapema. Aliburuta magunia ya dagaa na pipa la mafuta ya taa mpaka baraza ya nyuma, akafagia, akamwaga maji yenye sabuni. Mwajabu alipoingia, alisimama, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Alitoa kitenge alichorudisha Edina, alichokuwa amekifua na kukianika, akakikata katikati.

"Nusu yako, nusu yangu. Dagaa wako wamekigharimia."

Wakashona sare. Edina alipowaona alishika kiuno, akacheka mpaka akakaa juu ya magodoro.

Tangu hapo mambo yaliwanyookea. Jumapili Loisi alipokuwa kanisani Mwajabu alifungua duka, na Ijumaa mchana Loisi alibaki peke yake mwenzake akisali. Mwezi wa mfungo Loisi ndiye aliyempikia mwenzake futari kwenye baraza ya nyuma. Watu wa mtaa wa Area D waliokuwa wakienda katikati ya mji kwa kila kitu wakaanza kupitia Chang'ombe, na wafanyakazi wa Bunge walipokuja kwa vikao walinunua hapo taulo, chai na kandambili kwa mkupuo mmoja.

Loisi alinenepa kidogo. Kutwa alikuwa akitembea katikati ya rafu, akimsindikiza huyu, akimchagulia yule, na jioni miguu ilimuuma kwa namna aliyoipenda.

Siku moja Mwajabu alisimama akitazama ukuta wa nyuma, kichwa kakiinamisha upande.

"Mama Abeli, watu wanaulizia bati na misumari."

Loisi alikuwa anamimina chai. Alimsogezea mwenzake kikombe, kisha akapaza sauti kuelekea uani.

"Baba Abeli! Njoo na nyundo, lakini unywe chai kwanza."