Uji Mbovu Kwenye Mtande

Tangu Fundi Kinywa aondoke, hakuna anayetukana chuma ndani ya karakana. Mashine zinanguruma vilevile, vumbi la pamba linaingia puani vilevile, lakini lile "Kafie mbele, mwanaharamu!" alilozitupia kila asubuhi halisikiki tena. Wafumaji wanasema kimya hicho kinanuka kuliko matusi yake.

Jina alipewa na kazi. Kwenye mashine ya kufumia hutandazwa nyuzi mamia kwa mamia, ndizo mtande. Kila uzi umepenyezwa kwenye tundu la waya, na waya hizo zimepangwa kwenye fremu mbili. Chini yake huzunguka magurudumu yenye nundu; nundu ikikandamiza kanyagio, fremu moja inavutwa chini na ya pili inapanda. Nusu ya nyuzi juu, nusu chini, katikati panafunguka kinywa. Humo hupita panya: ndivyo walivyokiita kile kipande cha mbao chenye ncha za chuma, kinachobeba tumboni uzi wa mshindio, ule unaokingama mtande. Kinywa kinafumba, fremu zinabadilishana, kinafunguka upya, panya anarudi. Fundi alihakikisha kinafunguka kwa wakati wake, na hakuna uzi uliozubaa njiani.

Kisha tajiri, mwenye karakana, akaanza kupika uji wa nyuzi kwa unga uliooza.

Mtande hupakwa uji wa wanga ili usikatike. Pipa lilikaa uani, juu limeota ngozi ya kijivu. Ukiitoboa kwa upawa, funza wanapanda na povu. Harufu yake iliganda kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye mate. Mke wa mfumaji alilala nayo kitandani kama mume wa pili.

"Bosi, huu uji umekufa," Fundi alimwambia.

"Kwani unaunywa?" Tajiri alichovya kidole, akanusa, akakifuta begani kwa mfumaji aliyekuwa karibu. "Nyuzi hazina pua."

Mfumaji huyo alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe, na mashine yake ilikuwa ya mwisho ukutani.

"Shemeji, kinywa chako leo hakijapigwa mswaki," alimtania, akionyesha nyuzi zilizogandamana kwa ute katikati ya njia. "Panya wangu anaogelea kwenye kamasi."

"Funga domo lako kwanza, ndipo nifungue hilo lingine."

Walicheka, lakini Fundi alikuwa akimtazama panya. Akigonga nyuzi zilizoshikana, huruka nje, na chuma chake huishia usoni mwa mtu.

Tajiri hakutaka pipa limwagwe. Alitaka mashine zirekebishwe. Fundi akafanya kosa la mtu anayeiamini mno mashine yake: akakaza mikanda ya fremu ili kinywa kipanuke zaidi, nyuzi zibanduke kwa nguvu. Zikabanduka. Asubuhi nzima kitambaa kilitoka safi, naye akatembea kifua mbele. Lakini uzi ukivutwa kupita kiasi hauna subira. Mchana zikaanza kukatika, na ncha zake zenye utelezi zikaning'inia kinywani kama udenda. Panya akazigonga, akaruka.

Alipita kando ya sikio la shemeji, akajikita kwenye plasta ya ukuta. Shemeji akajipapasa uso, akatazama vidole: damu hakuna, ute tu. Akatapika palepale, juu ya kitambaa kipya.

"Futa," tajiri alisema. "Nguo hiyo ina mwenyewe."

Fundi alitoka hadi uani, akalikumbatia lile pipa, shavu limegusa ukingo wenye ukungu, akaliangusha. Uji ukatambaa polepole hadi mlangoni mwa ofisi, funza wakijinyonganyonga juani. Tajiri akakwama kizingitini na viatu vyake vya ngozi.

"Utaulamba huu!"

"Anza wewe, bosi. Mkubwa ndiye hutangulia mezani."

Alifukuzwa kabla jua halijatua. Uji uliofuata ulipikwa kwa unga mzima, wala si kwa huruma. Unga ule mbovu ulikuwa umekwisha.

Sasa Fundi anatengeneza cherehani katika chumba cha nyuma, nyumbani kwa shemeji yake, ambaye bado anafuma kwenye mashine ileile.